Mtani Aliyekimbia na Chungu cha Mzazi

Kabla hamjasoma mbele, vueni pete. Sitanii. Kila kijana aliyeletwa kwenye maabara yetu pale Tabora nilimpokea kwa maneno hayo kabla hata sijaitikia shikamoo yake, na wengi walidhani bibi huyu anaonea wivu ndoa zao. Jina langu ni Zuhura, binti wa fundi bati wa Gongoni, na kazi iliyonilea mpaka ikanizeesha ilikuwa kupima maji pamoja na kila kinachoishi ndani ya maji. Nimestaafu sasa. Nafuga kuku, nagombana na wajukuu, na nikisikia treni inapiga honi kuelekea mashariki mikono bado inatafuta chupa za sampuli.

Pete ya fedha, nasema fedha ile ya sonara, si ile ya nauli, ikigusa maji unayoyachota, mashine itakuja kukuambia bwawa lina fedha, kumbe bwawa halina kosa lolote. Mafuta ya kujipaka ni vilevile, marashi ni vilevile. Anayetaka kupima maji ajue kwanza yeye mwenyewe amebeba nini mwilini.

Masanja alijifunza hilo kwa miguu. Huyu alikuwa kijana wa Kisukuma kutoka Igunga, hodari, mwepesi, ila aliogopa ruba kuliko alivyoogopa wakubwa wa ofisi. Siku moja tukachota sampuli kwenye bwawa moja la samaki, yeye akaingia majini amevaa soksi ndefu, zawadi ya mchumba wake, ili ruba wasimpate. Majibu yaliporudi kutoka maabara kubwa ya Dar es Salaam, ndoo moja kati ya zote ilikuwa na fedha nyingi ajabu. Tukakuna vichwa. Mkubwa wetu akatuita mmoja mmoja akituuliza tulivaa nini siku ile, na alipofika kwa Masanja akamwambia avue viatu palepale ofisini. Soksi zilikuwa za aina ile isiyonuka. Pakiti yake ilipoletwa tukasoma wenyewe: zimetiwa chembe ndogo sana za fedha ili kuua vijidudu vinavyoleta harufu.

"Basi jamani," mkubwa wetu akasema, "tumepima miguu ya Masanja, na tumethibitisha ni safi."

Tangu siku hiyo Masanja akaitwa Soksi mpaka alipohamishwa.

Nimewaanzia na soksi kwa sababu watu wanadhani uchafu wa maji lazima unuke au uwe na rangi. Hizi chembe ambazo wataalamu huziita nano hazinuki. Zimo kwenye soksi, kwenye rangi za nyumba, kwenye matenki ya maji, kwenye dawa za vidonda na za mashamba. Zinafuliwa, zinasuuzwa, zinafuata mtaro, mtaro unafuata bonde. Hadubini yetu ya Tabora, tuliyoitunza kama mwari, haikuweza kuziona hata kidogo.

Mimi nilizielewa kwa sababu ya baba. Alikuwa akipiga tupa bati barazani, unga wake unaruka. Mama anafagia, anapangusa, anafunika vyombo kwa kitambaa, na bado chai ya jioni ina ladha ya bati. Mama akimlaumu, baba anajibu: "Mimi sijatia kitu kwenye chai." Kweli hakutia. Unga ulijipeleka wenyewe, kutoka tupa hadi upepo, upepo hadi kanga ya mama, kanga hadi kikombe. Nilipoanza kazi nikamsimulia mkubwa wetu kisa hicho, akapiga meza kwa furaha na kusema kuanzia leo hana haja ya kunifundisha, amebakiza kunisumbua tu.

Na alinisumbua. Mkubwa wetu huyo alikuwa Mzee Kibwana, Mzaramo aliyehamishiwa Tabora akiwa kijana, akaoa Tabora, akakataa kuhama tena. Alikuwa msomi wa kweli wa maji na samaki. Alikuwa na matege, kofia ya kiua iliyokaa upande, na hasira fupi zilizoisha kabla hujaanza kuziogopa. Chupa aliyosuuza mtu mwingine aliisuuza tena. Tope alilinusa kabla ya kulitia kwenye chombo, na akikwambia "hili limekufa," usibishane naye.

Neno lake kubwa lilikuwa mzigo. Alikuwa akisema Tabora ni mahali pazuri pa kujifunza habari za chembe kwa kuwa mji wenyewe ulikua kwa mizigo. Misafara ya zamani ilipita hapa, pembe zinashuka pwani, vitambaa na shanga vinapanda bara, na kila kambi mzigo ulihama bega. Yule aliyeufunga mwanzo sio aliyeufikisha. "Chembe zinasafiri hivyohivyo," alitufundisha. "Leo ziko majini. Kesho mwani umezibeba mwilini. Keshokutwa kiroboto wa maji amekula mwani, kifaranga wa perege amekula kiroboto, kambale amemeza kifaranga pamoja na tope. Ukipima maji siku hiyo utayakuta matupu, ucheke, uende nyumbani. Wewe usiulize maji yana nini. Uliza mzigo sasa uko kwa nani."

Alituonya pia tusizifananishe na zebaki. Zebaki hupanda kutoka mdogo hadi mkubwa ikizidi kujilimbikiza, samaki mkubwa ndiye mwenye nyingi. Hizi za fedha hazina utaratibu huo. Nyingine hunasa kwenye tope, nyingine hukwama kwenye matamvua, zile mbavu nyekundu za kupumulia za samaki, nyingine hupita tumboni zikatoka, na nyingine huvuka zikakaa kwenye maini. Lazima uzitafute kiungo kwa kiungo. Haya aliyajua vizuri kuliko sisi sote, na kumbukeni hivyo, maana kosa ninalotaka kuwasimulia lilikuwa lake.

Sasa, Mzaramo kuishi Unyamwezini si jambo dogo. Makabila haya mawili ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na kulala kwa Wazaramo. Mtani anaingia kwako bila hodi. Anafunua chungu, anachagua mnofu, anakutukana, na huwezi kumshitaki popote. Siku ya msiba wako yeye ndiye atakayekuzibia njia ya kaburi mpaka watu wacheke. Mimi ni mtu wa mjini, damu yangu ni ya Kimanyema, ya Kinyamwezi na ya Kiarabu kidogo, kwa hiyo utani wao niliutazama kama mtu anayetazama mpira akiwa juu ya ukuta.

Mtani mkubwa wa Mzee Kibwana alikuwa Veronika, Mama Kalunde, mkulima wa karanga na mpunga karibu na stesheni ya Tura. Yeye na akina mama wenzake wa jumuiya ya kanisa walichimba bwawa kwa majembe ya mkono katika mbuga yenye unyevu, wakafuga perege na kambale. Niliwapenda wale wanawake. Waliimba wakichimba, na wakiacha kuimba ujue wanasengenya.

Mwaka mmoja vifaranga wao wakaota ukungu mweupe kama pamba. Dawa waliipata Igunga, ambako mabasi na malori ya barabara ya Mwanza hushusha kila kitu duniani, kizuri na kibaya. Chupa ilikuwa na picha ya samaki anayetabasamu na maelezo kwamba ndani kuna chembe za fedha ndogo kuliko kijidudu. Wakaimwaga bwawani, wakarudia. Ukungu ukaisha. Zaidi ya hapo, maji yaliyokuwa ya kijani yakawa meupe pe mpaka chini ukaona kokoto. Veronika akapanda treni kuja kututambia, chupa ya dawa mkono mmoja na chupa ya maji ya bwawa mkono wa pili.

"Mtani," akamwambia Mzee Kibwana bila salamu, "nyie Wazaramo mmezaliwa kando ya bahari na hamjawahi kuwa na maji kama haya."

Mzee akayainua kwenye mwanga. "Mazuri. Lakini bwawa la samaki likiwa na maji ya kunywa, samaki wanakula nini?"

"Wanakula pumba zangu. Wewe ulitaka wale nini, wali wa nazi?"

Akatia tone kwenye hadubini, akatazama, akaniachia nafasi. Maji ya bwawa lenye afya ukiyatazama hivyo ni kama gulio: kila kitu kinakimbia, kinagongana, kinakulana. Yale yalikuwa kimya. Hakukuwa na kiroboto hata mmoja. Mzee akavua miwani na kumwambia kwa upole ambao haukuwa kawaida yake kwamba samaki wasiuzwe wala wasiliwe mpaka tupime. Veronika akakubali, ila niliona uso umembadilika. Binti yake Kalunde alikuwa na mimba kubwa, na samaki wale ndio walikuwa tegemeo la nyumba siku za uzazi.

Tukamwomba atume samaki kwa treni. Walipofika, nikafungua kifurushi mezani na harufu ikajaa ofisi nzima: samaki wamepasuliwa, wametolewa matumbo, wamekatwa vichwa, wamepakwa ndimu na chumvi, na pembeni kuna karanga za kukaanga za kutafunia wakati tunapima. Mzee Kibwana akampigia simu. Sauti ya Veronika tuliisikia wote.

"Ulitaka nikupelekee mgeni samaki na matumbo yake? Mtani, hata kama wewe ni Mzaramo, mimi nimelelewa!"

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Akamwomba wengine, safari hii bila chumvi wala ndimu. Wakaja bila chumvi, bila ndimu, na bila vichwa wala matumbo vilevile, weupe, wamesuuzwa kama wanakwenda kwenye harusi. Nikauliza kama tuombe mara ya tatu. Mzee akatazama maelekezo ya maabara kubwa, nayo yalisema leteni nyama. "Nyama ndiyo inayoliwa," akasema, akafunga barafu. Tulikuwa na haraka. Veronika alikuwa anapiga simu kila asubuhi.

Majibu yakaja: maji karibu matupu, nyama karibu tupu. Tulishangilia kama watoto. Mzee akachukua simu yeye mwenyewe. "Mtani, washa moto, tunakuja kula samaki wako." Upande wa pili zikasikika vigelegele, na tukaambiwa habari nyingine, kwamba Kalunde amejifungua salama mtoto wa kike.

Safari ile ya Tura naikumbuka kuliko safari zangu zote. Tulikaa dirishani, mimi na Mzee, tukila mahindi ya kuchemsha, misitu ya miombo inapita taratibu, naye ananihesabia matusi mapya aliyomwandalia mtani wake. Alikuwa amenunua khanga ya mtoto na kopo la asali. Nikizeeka zaidi na kusahau mengine yote, Mungu aniachie ile safari.

Tulipokelewa kwa viti na vigelegele. "Mwangaluka, mwangaluka," salamu za Kinyamwezi zinatoka kila upande. Kalunde alikuwa ndani na mtoto, nikaenda kumpa mkono wa hongera. Mzee hakukaa. Alitupa mkoba na kwenda moja kwa moja jikoni, nyuma ya nyumba, bila hodi, kama utani unavyomruhusu.

"Mwizi huyo!" wanawake wakapiga kelele.

"Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu," akajibu, "wakasahau kurudi na adabu."

"Na babu zenu walikuwa wanatungoja kivulini tufike ndio wapate cha kula!" Huyo alikuwa Veronika, mwiko mkononi.

Nikatoka kuwafuata. Kulikuwa na sufuria kubwa yenye minofu, ya wageni. Mzee akaifunua, akaisifu, akaifunika. Pembeni, kwenye mafiga madogo, kulikuwa na chungu cha udongo kimefunikwa vizuri. Mkono wake ukaenda huko.

"Hicho usikiguse, mtani," Veronika akasema, bado anacheka. "Hicho ni cha mzazi."

Alikwisha kukifunua. Ndani kulikuwa na vichwa vya kambale na matamvua yake, maini, matumbo yaliyokamuliwa na kusukwa, mchuzi mweupe mzito unanukia pilipili manga. Kwetu mwanamke aliyetoka kujifungua hupewa supu ili maziwa yatoke, na pale kwa Veronika sehemu hizo ndizo zilizowekwa kwa ajili yake, zenye mafuta na nguvu. Mgeni hupewa nyama nyeupe. Mzazi hupewa kichwa na maini.

"Hivi vimetoka kwa samaki gani?" Mzee akauliza.

"Si walewale wa bwawani."

"Ameanza kunywa lini?"

"Jana. Si uliposema tuwashe moto?"

Mzee Kibwana akasimama na mfuniko mkononi. Nilimwona anazeeka. Akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Zuhura, mzigo umefika huku."

Kisha akavuta mtandio begani mwangu, akauzungusha kwenye chungu, akakiinua na kukimbia.

Jamani, wanawake walicheka! Walidhani ni utani. Mtani kaiba chungu! Wakamfukuza kwa vigelegele, miiko juu, watoto nyuma, mbwa nyuma ya watoto. Mzee mwenye matege anakata mbio kuelekea mbugani, kofia imeanguka, mchuzi unamwagikia shati. Mimi peke yangu sikucheka; nikawafuata nyuma. Alipofika kwenye tuta la bwawa akakaa chini, chungu katikati ya magoti, akakikumbatia. Wale wa mbele wakamfikia, wakamwona uso, na kicheko kikaanza kufa kutoka mbele kwenda nyuma mpaka tukabaki tunasikia mbwa tu.

"Nisameheni," akasema. "Nimewapa jibu la nyama. Sikupima haya."

Veronika alipita katikati ya watu akasimama mbele yake. "Lete chungu."

"Siwezi, mtani."

"Mwanangu ana mtoto mchanga ndani. Atakula nini?"

Mimi ndiye niliyekwenda kumwelezea Kalunde, na niliporudi Mzee alikuwa bado amekaa palepale, ananiomba chupa za sampuli.

Mara ya pili tulipima kila kitu kivyake. Safari hii nilivua samaki mwenyewe, nikawafunga wazima, na Veronika akatazama pembeni nilipokuwa nikiwatia kwenye barafu na uchafu wao. Tope ndilo lililoongoza kwa fedha. Kisha matumbo, matamvua na maini. Nyama ilikuwa na kidogo sana, kama ilivyokuwa mwanzo. Adabu ya Veronika ilikuwa imetutumia sehemu safi na kubakiza mzigo nyumbani, naye Mzee, aliyetufundisha kuuliza mzigo uko kwa nani, hakuuliza jikoni nani anakula nini. Wanangu, maelekezo ya maabara yanajua samaki. Hayajui nyumba. Kabla ya kukata sampuli, nenda jikoni, funua vyungu, uliza kichwa ni cha nani na matumbo yanakwenda wapi. Huko Ziwani wanakula dagaa mzima mzima, kichwa na tumbo lake. Kipimo cha mla minofu hakimsaidii mla dagaa.

Mtaniuliza kama Kalunde alidhurika. Daktari alimwona, akamwona na mtoto, hakukuta ugonjwa. Alituambia wazi kwamba mtu mzima kunywa supu kama ile siku mbili pengine si kitu, lakini kwa kichanga anayenyonya hakuna aliyekuwa na kipimo cha kumwambia. Mimi mpaka leo sijui kama supu ile ingeleta madhara. Mzee naye hakujua. Ndiyo maana alikimbia nayo.

Lakini maziwa ya Kalunde yalipungua wiki ile. Huenda ni hofu, huenda ni supu iliyokatizwa, huenda yangepungua tu. Mtoto alilia. Nilituma unga wa uji na asali kwa kila treni, wakamchemshia uji wa karanga, na maziwa yakarudi taratibu. Bwawa likafungwa. Samaki wote wakafukiwa, maji yakaachwa yakauke bila kuelekezwa kwenye mpunga, tope likazolewa na kuzikwa kwenye shimo lililokandikwa udongo wa mfinyanzi, mbali na kisima. Wanawake walifanya kazi ile bila kuimba. Baadaye wakachimba bwawa jingine upande wa juu, na ukungu ukitokea sasa vifaranga huchovywa kwenye maji ya chumvi, dawa ya zamani ambayo sote tulikuwa tumeidharau kwa sababu haikuwa na picha kwenye chupa.

Veronika hakugombana na Mzee Kibwana. Ingekuwa heri agombane. Siku tuliyokwenda kupima bwawa jipya, Mzee alifika akiwa na tusi lake tayari mdomoni, kuhusu wanawake wa Kinyamwezi na uvivu wao. Veronika akapiga goti kidogo, macho chini, akasema, "Shikamoo, mzee."

Kama hamna watani hamtaelewa. Mtani hakuamkii. Akikuamkia kwa heshima, amekuvua utani na kukufanya mtu baki. Mzee akajibu "marahaba", akaenda kuchota maji. Mimi nilijaribu kumsemea baadaye, Veronika akanijibu: "Dada Zuhura, angeninyang'anya ng'ombe ningecheka. Chungu cha mzazi hakinyang'anywi. Utani una mpaka wake. Na kama aliona sumu, alishindwa nini kuniambia mimi, mpaka anikimbize mbele za watu kama kichaa?"

Nilimpelekea Mzee maneno hayo. "Angenibishia," akasema. "Na wakati tunabishana, mtu angemchotea mzazi bakuli." Kisha akaongeza kwamba Veronika naye ana haki.

Miaka ikaenda hivyo. Kila tulipokwenda Tura, shikamoo mzee, marahaba. Bwawa lilikuwa zuri, maji ya kijani, viroboto tele, na kila mwaka nilipima matamvua, maini, matumbo na tope, kila kimoja kivyake, hata Mzee alipostaafu na mimi nikabaki. Hakuacha kuniuliza. Nikipita kwake kumsalimu atauliza majibu ya Tura, nitamwambia safi, atauliza "na yule?", nitamwambia bado. Mtoto wa Kalunde akakua, akaanza shule, ana mdomo mkali kama wa bibi yake. Hilo nalo nilimwambia, akafurahi sana.

Mzee Kibwana alifariki nyumbani kwake hapa Tabora, asubuhi, baada ya chai. Alizikwa siku hiyohiyo kama sheria yetu inavyotaka, baada ya sala ya alasiri. Nyumba ilijaa. Masanja alikuja, mwenye kitambi sasa, akalia kama mtoto. Niliwaza kumpigia simu Veronika, nikapiga, akasema "nimesikia," akakata. Nikaona basi, limekwisha.

Jeneza lilipoinuliwa, wanaume wamekwisha kujipanga bega kwa bega, dua zinasomwa, mlangoni kukawa na vurugu. Mtu anasukuma watu kutoka nje kuja ndani. Alikuwa Veronika, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, ndoo kichwani. Akaitua katikati ya mlango, akasimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Hapiti mtu hapa," akasema.

Mashehe wakatazamana. Wazee wa mji wakamtambua, wakaanza kutabasamu, wakashusha mabega kidogo.

"Mzaramo huyu aliingia kwangu bila hodi," Veronika akaendelea kwa sauti ya juu, "akaiba chungu, akakimbia nacho na matege yake yale, dunia nzima inamwona. Leo anataka kuondoka kimyakimya kama mtu mwenye heshima zake! Mwizi! Mmebeba nini nyie? Mnajua mmebeba mwizi?"

Watu wakacheka. Masanja akacheka huku analia. Mjane wa Mzee, aliyekuwa hajafumbua mdomo tangu asubuhi, nilimsikia chumbani akicheka nyuma ya pazia.

Veronika akainama akafunua ndoo. Ndani alikuwemo kambale mkubwa, mzima, anapumua, sharubu zinacheza juu ya maji kidogo ya kijani.

"Mtani, nimekuletea," akasema. "Na kichwa chake. Na matumbo yake. Sikuosha kitu. Haya, inuka upime."

Akangoja, kama kweli anangoja. Kisha akavuta ndoo pembeni, akawapisha, akaketi ukutani na kujifunika khanga usoni.

Wanaume walipokwenda makaburini nikaichukua ndoo na kuipeleka uani. Kisu kilikuwa mkononi, na mazoea ya kazi yakaniambia tafuta chupa, tenga maini, tenga matamvua. Samaki wa bwawa lile nilikuwa nimewapima miezi michache tu nyuma, na walikuwa safi. Veronika akaja akachuchumaa kando yangu.

"Kichwa na maini usimpe mgeni," akaniambia. "Ni vya mjane."

Tukampika samaki yule wa mtani sisi wawili. Mjane aliletewa bakuli lake chumbani, la kwanza siku ile, akainywa supu yote.